Tiyo ya Zamani Chini ya Mwembe

Ndugu wasomaji, mambo ya choo si mambo ya kuzungumza mbele ya wageni. Wazee wetu walitufundisha hivyo, na heshima yao ni njema. Lakini mimi niliitumia heshima hiyo vibaya. Niliifanya pazia la kufunikia uvivu wangu, na kidogo jirani yangu angalilipa deni ambalo si lake. Kwa hiyo leo nakubali kuona haya mbele yenu, kusudi mwingine asirudie kosa langu.

Mimi ni mwalimu niliyekwisha kustaafu, nakaa Nyangwe, katika nyumba aliyoniachia marehemu baba. Nyumba hii ni ya matofali ya kuchoma, nayo ilijengwa kabla ya uhuru wa mwaka 1960. Baba aliinunua kwa mfanya biashara mmoja aliyekuwa anahama. Ina kitu kimoja ambacho nyumba chache za kwetu zinacho: choo cha ndani. Maji ya bomba hatuna. Twachota kwa ndoo na kumwaga, na uchafu washuka katika tiyo iliyozikwa chini ya ardhi, wapita uani, wafika kwenye tangi la nyuma, ndilo tunaloliita fosi septiki. Wageni wakiona choo hicho hustaajabu, nami, nisifiche neno, nilipenda wastaajabu.

Lakini tiyo yenyewe inapita wapi? Hakuna aliyejua. Baba alijua mwanzo wake na mwisho wake tu. Katikati palikuwa na ua, mwembe mkubwa, na majani.

Upande wa chini, ardhi inapoteremka kuelekea Lualaba, anakaa mama mmoja mjane, Mwislamu mwenye kumcha Mungu, pamoja na wajukuu wake wanne. Kisima chake kilichimbwa na marehemu mumewe, na maji yake yalisifiwa mtaa mzima kuwa ni matamu. Tumekuwa majirani zaidi ya miaka thelathini. Siku ya Idi sahani yatoka kwake kuja kwangu. Siku ya Noeli sahani yatoka kwangu kwenda kwake.

Mwaka jana mwezi wa Machi, mvua zikiwa nyingi, mama huyo alikuja kupiga hodi. Akakaa, akauliza habari za nyumbani, kiisha akasema polepole, “Mwalimu, unisamehe kwa neno nitakalosema. Maji yangu yamebadilika. Yananuka.”

Nilimjibu nini? Nilimwambia, “Mama, labda ni chura ameanguka kisimani. Au ni bata wako, wanachafua pale mdomoni.” Akanitazama kidogo, akashukuru, akaenda zake. Mwezi wa Mei hakuja mwenyewe. Alimtuma mjukuu wake mkubwa. Ninyi mwajua maana yake mzee anapomtuma mtoto kwa jambo la namna hiyo. Nikamwambia yule kijana, “Mwambie bibi yako nitaangalia.” Wala sikuangalia.

Sababu nilikuwa nayo. Mwezi wa Agosti mimi na mke wangu tulikuwa tutimize miaka arobaini ya ndoa. Wageni walikuwa watoke Kasongo, na wengine Kindu. Nilikuwa nimeweka akiba ya kupaka rangi ukuta wa mbele na kubadili mabati ya baraza. Nilijua vema kwamba mtu akianza kuchimba ardhi, fedha yake yaingia shimoni pamoja na jembe.

Tena dalili hazikukosekana. Choo kilikuwa kizito: ukimwaga ndoo moja, maji yalipanda kwanza, yakanguruma kama mtu aliyeshiba, ndipo yakashuka. Chini ya mwembe ardhi ilikuwa imetitia shubiri moja. Na mwezi wa Juni, majani ya uani yote yalipokauka kwa jua, palibaki mstari wa majani mabichi kutoka ukutani hata kwenye mwembe. Mimi, mwalimu niliyefundisha watoto habari za mimea, nilifurahi kuyaona. Nilimfunga mbuzi wangu pale apate kula.

Usiku mmoja wa mwezi huohuo tulisikia kelele kwa jirani. Mjukuu mdogo, mwenye miaka mitatu, alikuwa anaharisha na kutapika tangu jioni, na macho yalikuwa yameingia ndani. Wakampakia kwenye pikipiki, mama yule akimshika kifuani, wakaenda kwenye kituo cha afya. Akatiwa maji ya serumu. Siku ya tatu akarudi mzima, shukrani kwa Mungu na kwa wauguzi. Muuguzi alikuwa ameuliza swali moja tu: “Mnachota maji wapi?”

Asubuhi ile mama alipita mbele ya baraza yangu. Akanisalimu kama siku zote, “Umeamkaje, Mwalimu?” Hakusema neno lingine. Ndugu wasomaji, matusi ningeweza kuyajibu. Salamu ile sikuweza.

Jioni nilikaa peke yangu, nikakumbuka somo nililolifundisha darasa la sita kila mwaka, hata nikalijua kwa moyo. Mwaka 1854, mjini London, katika mtaa wa Soho, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 500 kwa muda wa siku kama 10. Daktari mmoja, John Snow, alisema ugonjwa unatoka katika pampu ya maji ya Broad Street, nayo ilikuwa pampu iliyosifiwa na watu kwa maji yake mazuri. Wakubwa wa mtaa wakaondoa mpini wa pampu ile tarehe 8 Septemba. Lakini wengi hawakusadiki. Mmoja wao alikuwa mchungaji wa Kianglikana wa mtaa uleule, Henry Whitehead. Yeye alizunguka nyumba kwa nyumba akiwa na nia ya kuonyesha kwamba daktari amekosea, kwa kuwa aliwajua watu wake wote. Alipokwisha kuuliza, akakuta kinyume cha aliyoyatazamia. Katika nyumba namba 40, karibu kabisa na pampu, kitoto kichanga kilikuwa kimeugua kabla ya wengine, na mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nepi zake katika shimo la nyumba. Mwaka 1855 wakachimba. Wakaona matofali ya mfereji ule yamelegea na chokaa imeoza, na kati ya shimo na kisima hapakuwa hata mita moja.

Tazameni: ubaya wote ule ulipita katika mfereji mbovu wa nyumba moja. Whitehead alikuwa na moyo wa kukubali kwamba amekosea. Mimi, niliyelisimulia jambo hilo kwa watoto mwaka hata mwaka, nilikuwa nasema habari za bata.

Wala si habari za Ulaya tu. Sisi watu wa Maniema tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana Unguja, kikafuata njia za misafara kuingia bara. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja siku zile, alieleza njia hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Livingstone, aliyekaa Kabambare kabla ya kufika Nyangwe mwaka 1871, aliandika katika daftari zake kwamba ugonjwa umefika Manyema. Siku zile watu wengi walidhani ni upepo mbaya au uchawi. Mwaka 1883 tu Robert Koch alianza kukionyesha kidudu chenyewe. Ugonjwa ulikuja katika matumbo ya wasafiri na katika maji waliyoyachafua njiani. Nasi leo twakaa palepale njia ile ilipopita.

Sisemi mtoto wa jirani aliugua kipindupindu. Muuguzi alisema ni tumbo la maji machafu, basi. Wala sina ushahidi kamili kwamba uchafu ulitoka kwangu. Lakini mtu asiyetaka kuchimba hana haki ya kudai ushahidi.

Kesho yake nilikwenda kwake kabla ya jua kuwa kali. Nikasema, “Mama, mwezi wa Machi ulinijia kwa adabu, nami nikakujibu kwa ujinga. Nimekuja kuomba radhi. Usinywe tena maji ya kisima hata tujue ukweli. Vijana wangu watakuletea bidoni za chemchemi kila siku.” Akanyamaza kitambo, akasema, “Chimba, Mwalimu. Maneno tutayasema baadaye.”

Nikamwita fundi kutoka Kasongo, kijana mpole asiyesema mengi. Kwanza hakushika jembe. Alifungua mfuniko wa tangi, akapima kina cha tiyo mahali inapoingia. Akapima tena pale inapotoka ukutani. Akavuta kamba kati ya pande mbili. Kamba ilipita katikati ya majani mabichi, sawasawa na malisho ya mbuzi wangu, ikapita chini ya mwembe. Akanitazama. Sikusema kitu.

Tulichimba siku mbili. Tiyo ilikuwa ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi vya kama sentimita 60, kila kimoja kimeingizwa mdomoni mwa mwenzake na kuzibwa kwa simenti. Njia yote ilikuwa mita 24, yaani maungo kama 40. Mwenye kuijenga hakuwa fundi mbaya. Kazi yake ilidumu zaidi ya miaka sitini. Lakini simenti ya maungo hupasuka ardhi ikisogea, na mzizi wa mti hutafuta maji usiku na mchana. Mzizi mwembamba kama uzi wapita katika ufa, ukiisha kuingia wanenepa, nao wapanua ule ufa uliouingiza. Tulipopasua kipande cha chini ya mwembe, tulitoa fungu la mizizi lililojaa tiyo nzima, limesukana kama nywele za mwanamke. Vipande vitatu vilikuwa vimepasuka. Kimoja kilikuwa kimetitia, na ungo wake umeachana upana wa vidole viwili. Chini yake ardhi ilikuwa nyeusi, yanuka, na kila tulipozidi kuchimba tuliona ni nyeusi vilevile.

Fundi akachukua kamba ya kupimia, akapima kutoka pale hata kwenye kisima cha mama. Mita saba na nusu. Wenye kufundisha afya husema kati ya shimo la choo na maji ya kunywa pawe na mita 30 angalau. Nikaketi juu ya kifusi.

Hata hapo, nisiwadanganye, tamaa ilikuwa haijaniacha. Nikamwuliza, “Mwanangu, tukibadili vile vipande vitatu tu, haitatosha?” Akajibu, “Mwalimu, naweza. Lakini yale maungo mengine thelathini na kitu ni ya umri mmoja na haya. Tukiunga hapa, mwakani utaniita pale. Tena tiyo ya zamani na ya sasa unene wao si mmoja. Pale zinapokutana ndipo patakapovuja kwanza.” Nikakumbuka mfano wa Injili juu ya kiraka kipya katika nguo kuukuu. Nimeusikia kanisani tangu utoto. Sikujua kwamba waweza kusomwa hata katika mtaro wa choo.

Basi akiba ya rangi na mabati ikaenda kununua tiyo za plastiki, zile ziitwazo PVC. Si kitu cha jana. Zilianza kutengenezwa Ujerumani miaka ya 1930. Uzuri wake ni huu: ni nyepesi, hazishiki kutu, ndani ni laini, na urefu wake ni mita sita. Mahali palipokuwa na maungo 40 sasa hayafiki 10, na milango ya kuingilia mizizi imepungua kwa kadiri hiyo. Lakini fundi alinionya dukani. Ziko nyembamba, za rangi ya majivu, ambazo ukizibonyeza kwa kidole gumba zaitika. Hizo si za kuzika. Ziko pia zilizokaa juani mbele ya duka miezi mingi hata zikapauka. Jua limezila, zitavunjika. Tulichagua za kivulini, nene, zenye upana wa milimita 110. Vijana walizifunga kwenye baiskeli na kuzisukuma kwa miguu kutoka Kasongo.

Kazi ya kulaza tiyo ilinifundisha kwamba ardhi haisamehi haraka. Kwanza tuliacha njia ya zamani, tukauzunguka mwembe upande ulio mbali na kisima, mita 25 kwa jumla. Mahali pa kupinda hakutumia kiwiko kimoja cha kukata sawasawa, kwa kuwa uchafu husimama hapo. Alitumia viwiko viwili vya nusu, na karibu yake akajenga kishimo chenye mfuniko, tupate kuangalia na kuzibua bila kuchimba tena. Mteremko ulikuwa sentimita 2 kwa kila mita: nusu mita kutoka mwanzo hata mwisho. Mimi nilidhani mteremko mkali ni bora. Akasema, “Hapana. Maji yakikimbia sana huacha uchafu nyuma. Yakilala, hulala nao. Lazima viende pamoja.” Kila hatua alipima kwa kamba na pimamaji.

Chini ya tiyo tulitandaza mchanga uliochungwa, unene wa sentimita 10. Jiwe moja tu chini ya tiyo, au kigae cha chungu, laweza kuitoboa miaka ikipita. Alianza kulaza upande wa tangi akipanda kuelekea nyumbani, midomo mipana ikitazama maji yatokako. Kabla ya gundi alifuta, akakwaruza, akakausha. Akapaka pande zote mbili, akasukuma kwa nguvu, akashika bila kuchezesha. Siku ile hakuna aliyeruhusiwa kumwaga hata kikombe cha maji.

Kesho yake akaziba mwisho wa chini kwa kitambaa na mpira wa baiskeli, akajaza tiyo maji, akaweka alama ya makaa pale maji yalipofika. Tukangoja saa nzima. Mama jirani alikuja akasimama nasi, mikono nyuma. Saa ilipokwisha, maji yalikuwa pale penye alama. Hapo tu ndipo tulipofukia: kwanza mchanga kwa mikono, kiisha udongo, tabaka kwa tabaka, tukiukanyaga. Vipande vya tiyo ya zamani na ule udongo mweusi tulivizika mbali na kila kisima, kwa mikono iliyovaa glavu, tukamwagia chokaa. Na kipande cha tiyo mpya kilichobaki kilisimamishwa kwenye ukuta, kitoe hewa mbaya juu ya paa.

Je, kisima kimepona? Hapo ndipo penye uchungu. Kuziba tundu si kusafisha ardhi. Tena hata tiyo ikiwa nzima, kisima chake ni karibu mno na njia ya uchafu wangu. Tulikitoa maji yote, tukatia dawa ya klori, lakini tumekubaliana maji yale ni ya kufulia na bustani tu. Ya kunywa yanatoka chemchemini, nayo yanachemshwa. Kisima alichokichimba mumewe hakitakuwa tena kisima cha kunywa, na jambo hilo siwezi kulilipa kwa kuomba radhi. Vijana wangu wanaendelea kubeba bidoni zake. Si sadaka, ni deni.

Mwezi wa Agosti wageni walifika, wakaukuta ukuta ule wa zamani na mabati yaleyale yenye kutu. Nilitaka kueleza, lakini mke wangu alinitangulia: “Fedha ya rangi tumeizika uani. Rangi ya ukuta haijamwokoa mtu.” Watu wakacheka, nami nikacheka. Mama jirani alileta sahani ya wali, akaketi na wanawake.

Jioni, wageni walipoanza kutawanyika, alinijia. Akauliza, “Mwalimu, tiyo hii itadumu miaka mingapi?”

“Fundi asema hamsini, ikitunzwa.”

“Mimi na wewe hatutakuwapo. Wajukuu wangu watajuaje inapita wapi?”

Sikuwa na jibu. Ndilo swali ambalo mwenye nyumba wa kwanza hakuulizwa, wala baba hakuuliza, wala mimi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, twasema. Lakini ufa ulio chini ya ardhi nani ataujua?

Siku iliyofuata nilichukua karatasi ya daftari na rula yangu ya zamani ya shuleni. Nikachora nyumba, mwembe, tangi, kile kishimo chenye mfuniko, na kisima. Nikaandika mita kutoka ukutani, kina cha mwanzo na cha mwisho, na mwaka. Nikanakili karatasi ya pili. Moja imo sandukuni mwangu pamoja na hati za nyumba. Ya pili niliivusha uani kwa mkono wangu mwenyewe, nikampa mama. Akaikunja, akaitia pamoja na karatasi za marehemu mumewe.